Meno Mawili ya Isacko

Lochoro aliingia Isiolo kwa miguu, kupitia Kipsing, akiwa na mkuki mmoja, kigoda cha kulaza kichwa, na imani kwamba mji wenye ng'ombe wengi hauwezi kumnyima mtu kazi. Imani yake ilikuwa na nusu ya ukweli. Kazi ilikuwapo, kwenye karantini ambako ng'ombe wa kaskazini walizuiwa mpaka daktari atosheke kwamba hawana ugonjwa. Ila karantini ya binadamu ilikuwa kali kuliko ya ng'ombe. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeamua kwamba Waturkana walioko Isiolo si wa Isiolo, na kila ilipopata nafasi iliwakusanya, ikawapakia kwenye lori, ikawarudisha kwao. Waturkana nao walikuwa wameuzoea mchezo. Walifikishwa kwao, wakateremka, wakajinyoosha viungo, wakaanza kutembea tena kurudi Isiolo, ambako kazi zao ziliwangoja kwa kuwa hakuna mwingine aliyezitaka.

Katika msako mmoja wa namna hiyo Lochoro alikimbilia ua wa msikiti, saa ya adhuhuri, watu wakiwa wamejipanga kuswali. Mtu mmoja wa safu ya nyuma alimshika mkono akamvuta kando yake, akamtupia kikoi, akamwambia, "Fanya kama mimi." Huyo alikuwa Abdisalan, Msomali mchinjaji, ambaye pia ndiye aliyewatahiri watoto wa kiume wa Kiislamu mjini. Polisi walifika mlangoni, wakakumbuka kwamba wamevaa buti, wakasimama hapo hapo wakihesabu migongo. Lochoro aliinama wenzake walipoinuka na akainuka wenzake walipoinama.

"Ulikuwa kama ndoo ya kisima," Abdisalan alimwambia baadaye. "Wewe peke yako ndiye Mungu alikuona vizuri siku ile."

Ingekuwa hadithi ya kutia moyo, Lochoro angesilimu. Lakini Wakatoliki walikuwa wanajenga kanisa na walihitaji mtu wa kubeba mawe. Aliyebeba mawe akapewa ufunguo wa ghala, aliyepewa ufunguo akafundishwa kusoma, na aliyejua kusoma akafanywa katekista. Abdisalan hakuwahi kumsamehe kabisa. "Nimekuokoa mimi," alikuwa akisema kila walipokutana sokoni, "umeenda kumshukuru mwingine."

Huko kwao Lochoro alikuwa amejifunza kazi moja tu ya ufundi, nayo ni kung'oa meno. Kila mtoto wa Kiturkana wa siku zile alitolewa meno mawili ya mbele ya chini, ili uso wake uwe wa mtu na usiwe wa punda, na ili siku akiugua taya zikafunga, ipatikane nafasi ya kumpitishia maziwa. Lochoro mwenyewe alikuwa na pengo zuri, la kutema mate mbali bila kufungua mdomo. Padre alimkataza kazi hiyo. Alisema Mungu angependa pengo angeliweka mwenyewe. Lochoro alitii, na wazazi wa Kiturkana nao wakajifunza kuleta watoto wao siku ambazo padre amesafiri.

Kisha vita vikaja, vya mashifta, waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, na padre akasafiri moja kwa moja. Alikwenda Meru kutengeneza gari lake, na gari hilo lilichukua karibu vita vizima kutengenezeka.

Kufikia mwaka wa sitini na sita, Waborana na Wasomali wa Isiolo walikuwa wamekusanywa kwenye kambi zenye uzio, wanyama wao wakifia huko nje kwa kukosa wa kuwachunga, au wakichungwa na bunduki. Waliobaki huru mjini walikuwa Wameru, Waturkana, na mtu yeyote ambaye serikali ilikuwa na haja naye. Kanisa lilikuwa na haja na wachonga mawe wawili. Walikuwa Waborana, ndugu wa tumbo moja, Jillo na Isacko, waliotoka ng'ambo ya Ethiopia kabla ya vita wakapitia Biliqo kwa shangazi yao. Hawakuwa na karatasi yoyote. Huko kwao mchonga mawe alionyesha ukuta alioujenga, na akaaminiwa. Kathambi, mama wa Kimeru aliyeongoza wanawake wa kanisa na kuuza maharagwe sokoni, alikwenda kwa chifu akasema: hawa ni wafanyakazi wa Mungu, na Mungu hajasema amemaliza ukuta. Chifu aliwaacha wakae uani kwa kanisa. Walikwenda machimboni alfajiri na kurudi jioni, na kila Ijumaa walipotea kidogo adhuhuri. Katekista hakuuliza, kwa kuwa alijua.

Siku lori la askari lilipokanyaga bomu kwenye barabara ya Ngaremara, machimbo ndiyo yaliyokuwa karibu. Askari waliobaki wazima waliteremka huko wakiwa na damu ya wenzao kwenye mashati. Sajini wao aliitwa Gikunda, Mmeru wa milima ya Nyambene, mtu mpole nyumbani, kwa habari za waliomjua nyumbani. Kwa macho ya mtu aliyekulia kwenye ukungu, watu wote wa chini walikuwa Wasomali waliotofautiana kwa vumbi tu.

"Nani shifta hapa?" aliuliza.

Hakuna aliyeinua mkono. Sajini akampiga wa kwanza kwa kitako cha bunduki, Mturkana aliyekuwa akipasua kokoto, na kichwa kikafunguka kama kibuyu. Akamwendea wa pili.

Hapo ndipo Lochoro, aliyekuwa amekuja kusimamia mawe ya madhabahu, alipofanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya. Aliondoa kofia, akauvuta mdomo wake wa chini kwa kidole.

"Afande, sisi Waturkana. Angalia. Mturkana hana hii meno mbili ya chini. Ukiona meno yote iko, huyo si Mturkana."

Alisema kwa furaha kidogo, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Na sajini alimsikiliza kwa shukrani. Vita vile vilikuwa vimekosa kitu rahisi kama hicho. Alimpa bunduki mwenzake, akachukua kirungu, akaanza kupita kwenye mstari akifungua midomo mmoja mmoja, kama mtu anayenunua punda. Pengo. Pengo. Pengo. Watu walipanua midomo kabla hajawafikia, na wengine walijaribu kutabasamu.

Jillo alikuwa wa mwisho. Meno yake yalikuwa yote, meupe, mazuri, na kwa sababu ya hofu yalikuwa yote nje.

Sajini alinyoosha mkono akarudishiwa bunduki, na risasi ilipita mle mle. Isacko alikuwa kijitoni akipoza tindo, na alichokiona, alikiona kutoka nyuma ya jiwe: kaka yake ameketi ameegemea jiwe alilokuwa akilichonga tangu juzi, mdomo wazi, na nyuma ya kichwa hakuna kitu. Askari walipanda lori. Gikunda alimpiga Lochoro bega kirafiki.

"Asante, mzee. Hiyo ni elimu."

Elimu ilienea. Wiki ile kila kizuizi kati ya Isiolo na mto kilifungua watu midomo. Wasamburu, ambao desturi yao ni ile ile, walipita salama. Mmeru mmoja mchuuzi wa miraa alipigwa mpaka akapoteza meno mawili ya chini, na kuanzia hapo akawa anapita bila shida.

Baraza la kanisa lilikutana kwenye sakristia mchana, Isacko akiwa amelala nyuma ya kabati la mavazi ya misa. Walikuwamo Lochoro, Kathambi, binti yake Kajuju, na Rimberia, mume wa Kajuju, mfanyabiashara wa miraa. Kinya, binti mdogo wa Kathambi, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe na kulinda.

"Tumpeleke Meru," alisema Kajuju.

"Kwa kizuizi gani? Iko tatu," alisema Rimberia.

"Tumpeleke kambini kwa wenzake."

"Kambini wanahesabu asubuhi," alisema Kathambi. "Akitokea mmoja wa zaidi wanamtoa huyo wa zaidi. Unajua wanamtoa wapi."

Lochoro alikuwa kimya. Alikuwa kimya tangu machimboni, na mke wake Nakaale alikuwa amemwambia nyumbani kwamba mtu aliyeleta moto hanyamazi mbele ya nyumba inayoungua. Hatimaye akasema, "Awe Mturkana."

Walimtazama.

"Nimewafundisha kutafuta pengo. Nitampa pengo."

Jambo hilo lilijadiliwa kwa kirefu, na kwa haki lazima isemwe kwamba lilijadiliwa vizuri. Walikubaliana juu ya jina: Ebei. Walikubaliana juu ya shuka, na ushanga wa shingo, na kwamba Nakaale amfundishe salamu za Kiturkana na matusi mawili matatu, kwa kuwa mtu asiyejua kutukana kwa lugha yake hatambuliki. Walikubaliana kwamba akae ndani mpaka ufizi upone. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hawakulijadili. Rimberia aliliona. Alifungua mdomo, akamtazama mama mkwe wake, akaufunga. Mwanamume wa Kimeru hawezi kutaja jambo lile mbele ya mama mkwe, hata nyumba ikiungua. Kathambi naye aliliona, akamtazama mkwe wake, akaanza kukunja leso. Kajuju aliliona akatazama dari. Lochoro peke yake hakuliona, kwa sababu kwao halikuwapo. Waturkana hawatahiri. Baraza likafungwa kwa sala.

Isacko alipoambiwa, alivitazama vidole vya katekista.

"Wewe ndiye ulimwambia," alisema.

"Mimi."

"Jillo alikuwa anakuita Abba, baba."

"Najua."

"Na sasa unataka meno yangu."

"Mawili," alisema Lochoro. "Usilie. Mturkana halii akitolewa."

"Mimi si Mturkana bado."

"Umebakiza meno mawili tu."

Walitumia tindo ndogo ya Isacko mwenyewe, iliyochemshwa kwenye sufuria ya Kathambi ya githeri. Wanawake wa kanisa waliombwa waimbe nyimbo za Kwaresima, ingawa Kwaresima ilikuwa imepita, na waliimba kwa nguvu kiasi kwamba watu wa barabarani walidhani padre amerudi. Mtoto wa miaka saba ana jino jepesi. Mtu mzima jino lake limeamua kukaa. Lochoro aliingiza ncha ya tindo kati ya jino na ufizi, akasukuma, akazungusha, akasukuma tena mpaka mfupa ukatoa sauti kama kijiti kikavu. La kwanza lilitoka zima. La pili lilivunjika, na mzizi ukabidi ufuatwe chini. Hapo Isacko aliuma. Aliuma kidole cha shahada cha Lochoro mpaka mfupani, na hakuachia, na Lochoro hakukitoa. Alimalizia kazi kwa mkono mmoja, damu za watu wawili zikichanganyika kidevuni, wanawake wakirudia kiitikio kwa mara ambayo hakuna aliyeihesabu. Kidole hicho hakikunyooka tena maisha yake yote.

"Ejoka," alisema Isacko alipoweza kusema. Ndiyo salamu aliyofundishwa na Nakaale. Pamoja na pengo ilitoka vizuri sana.

Jumapili moja baada ya ibada, ufizi ukiwa umefunga, askari walikuja. Mashifta walikuwa wameua askari wawili upande wa Kipsing na kuondoka na ng'ombe, na mtu fulani alikuwa amenong'ona kwamba Wakatoliki wanafuga Mborana. Rimberia alishikwa na homa. Homa hiyo ilimshika alipoliona lori, na ikampeleka nyumbani kupitia nyuma ya choo.

Wanaume walipangwa uani, chini ya ukuta usiomalizika. Wanawake walisimamishwa upande wa pili. Gikunda alipita na kirungu. Pengo. Pengo. Pengo. Kwa Isacko alisimama.

"Jina?"

"Ebei."

"Fungua tena." Aliinama akachungulia. "Hii pengo iko na rangi. Hii ya wengine ni kama ya mzee, hii yako ni kama ya mtoto. Nani alikutoa?"

Isacko alijibu kwa tusi la Kiturkana, la kumhusu ngamia na shangazi wa sajini. Waturkana waliokuwa kwenye mstari walicheka bila kutaka. Kwa dakika ile mambo yalielekea kuwa mazuri. Kisha sajini naye akaanza kucheka. Wazo alilolipata lilikuwa dogo na rahisi, na lingalimjia mtoto yeyote wa Kimeru.

"Shusha shuka," alisema. "Wote."

Lochoro alielewa wakati huo huo, na aliyaelewa yote kwa pamoja: mdomo wa Rimberia uliofunguka ukafungwa, leso ya Kathambi, macho ya Kajuju kwenye dari. Wote walijua. Wote waliona haya. Mashuka yalianguka. Mstari mzima wa Waturkana ulisimama kama walivyozaliwa, na katikati yake mtu mmoja hakusimama kama alivyozaliwa.

Kitako cha bunduki ya askari mmoja kilimpata Isacko mfupa wa bega, ukakatika kwa sauti. Alipiga magoti. Cha pili kilimpata sikio.

"Mturkana wa kutahiriwa!" alisema sajini. "Miujiza ya kanisa."

"Afande," alisema Lochoro. "Huyo alitahiriwa juzi juzi. Anataka kuoa Mmeru. Mmeru hawezi kumpa mwiji binti yake, unajua wewe."

Mwiji ni kijana wa Kimeru ambaye hajatahiriwa, na hata akiwa na mvi ni mtoto. Kirungu kilisimama hewani.

"Binti ya nani?"

Wakamwangalia Kathambi. Tangu mashuka yalipoanguka alikuwa akitazama mbele kama mtu anayesubiri basi. Sasa alimtazama Isacko aliyekuwa uchi, akashtuka, akajifunika uso kwa leso, akageuka akampa mgongo, na akabaki hivyo akitetemeka. Hivyo ndivyo anavyofanya mama wa Kimeru akiuona uchi wa mkwe wake, na huo uchi tu, wala si wa mwanamume mwingine. Gikunda alikuwa amemwona mama yake mwenyewe akifanya hivyo mara moja, kisimani. Kirungu kilishuka.

"Sawa, mama," alisema kwa adabu, kwa Kiswahili cha nyumbani. "Sawa. Lakini mtu akitahiriwa kuna mwanamume anasimama nyuma yake. Nani alisimama nyuma ya huyu?"

"Mimi," alisema Lochoro.

Macho ya sajini yalimshuka katekista polepole mpaka chini, yakakaa hapo. Askari wakaangua kicheko.

"Wewe? Wewe mwenyewe ni mwiji. Mzee wa mvi na bado mwiji! Mwiji hawezi kusimama nyuma ya mwanamume. Na neno ya mwiji si ushahidi, ni mbuzi analia." Aliishusha bunduki begani, akaikoki, akaielekeza kwenye kichwa cha Isacko. "Mwanamume mwingine yuko?"

Rimberia angalikuwapo, angalitosha. Lochoro aliangalia kidole chake kilichopinda. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Nikitahiriwa, neno langu litakuwa la mwanamume?"

Kicheko kilikuwa kirefu. Nakaale, kwenye mstari wa wanawake, hakucheka.

"Sasa hivi?" alisema Gikunda.

"Sasa hivi."

Sajini aliwatazama askari wake. Wengi walikuwa Wameru, na wawili walikuwa wa rika lake, waliopita naye kisu siku moja. Kuna mambo ambayo mtu akisha kuyasema mbele ya rika hawezi kuyarudisha.

"Ukisimama bila kupepesa jicho, neno lako ni la mwanamume," alisema. "Ukipepesa, nyinyi wawili mtalala pale chini ya ukuta wenu."

Swali likabaki la ngariba. Kikosi kilikuwa kinamtoa Abdisalan kambini kila asubuhi aje awachinjie mbuzi wa jikoni. Askari mmoja alitumwa, na akarudi naye amekonda, kikoi kimefungwa kwa kamba, wembe kwenye kitambaa. Yeye na Lochoro hawakuwa wameonana kwa karibu mwaka. Abdisalan aliangalia mstari wa watu uchi, akamwona Isacko amepiga magoti, bega limening'inia. Mtu huyo alikuwa ameswali kando yake kila Ijumaa mpaka uzio ulipowekwa.

"Unamjua huyu?" aliuliza Gikunda.

Abdisalan alikuwa akinoa wembe kwenye kiganja. Hakuinua macho.

"Mturkana," alisema. "Waturkana wote wanafanana."

Alimsimamisha Lochoro mahali pa jua. Hapakuwa na maji ya baridi ya mto, ambayo Wameru huyatumia kutia ganzi. Kulikuwa na ndoo ya maji ya kuchanganyia saruji. Gikunda alisimama hatua moja mbele ya uso wa Lochoro akimkazia macho, bunduki ingali imekokiwa.

"Siku ile ulisujudu vibaya," Abdisalan alimnong'oneza. "Leo simama vizuri."

Kisha akakata. Mchinjaji aliyezoea hakawii, lakini ngozi ya mtu wa umri ule si ngozi ya mtoto, na wembe uliokuwa ukipasua mbuzi mwaka mzima ulibidi urudi mara ya pili, na ya tatu. Lochoro aliona nywele moja nyeupe kwenye nyusi ya sajini. Aliitazama nywele hiyo. Damu iliteremka mapaja yote mawili ikaingia kwenye vumbi la mawe, na vumbi likaifunga kama saruji. Nzi alitua kwenye kope yake. Nzi huyo alitembea. Gikunda alimwona nzi, akamwona Lochoro anamwona, na wote wawili wakamngoja. Mwisho nzi akaondoka mwenyewe, kwenda kule kulikokuwa na damu zaidi.

"Tayari," alisema Abdisalan.

Jicho lilikuwa wazi. Machozi yalikuwa yakitoka, lakini machozi hayapepesi.

Gikunda alikohoa. Akauliza tena, kwa sauti ya ofisi: "Ulisimama nyuma ya huyu?"

"Nilisimama."

Kwamba wakati wa tukio hilo shahidi alikuwa bado mwiji, na kwamba kwa hiyo ushahidi wote ulikuwa upuuzi, ni jambo lililokuwa wazi kwa kila mtu uani. Sheria, hata hivyo, ilikuwa imetimia. Sajini alifungua bunduki, akatoa risasi, akaitia mfukoni. "Vaeni," alisema. Lori liliondoka, Abdisalan nyuma pamoja na kitambaa chake, na njiani mmoja wa rika la Gikunda alisikika akisema kwamba yule mzee angezaliwa milimani angekuwa mtu.

Waliobeba gharama walikuwa wengine. Kathambi alimfuata Isacko kwenye sakristia, bega likiwa limefungwa mbao, akamwambia, "Kijana, mimi nilishajifunika uso. Uso wangu haufunikwi bure." Kinya, alipoulizwa kama atakubali kuolewa naye, alisema angalau huyu anajua kujenga. Lochoro alilala chali wiki nyingi, jeraha likioza na kupona na kuoza tena. Wazee wa Kiturkana walikuja kumtazama, wakatikisa vichwa, na tangu siku hiyo hawakumwita kwenye nyama yao. Walisema amekuwa emoit, na kwa Kiturkana neno hilo lina maana ya mgeni na pia ya adui. Wameru nao walimwalika kwenye pombe ya wanaume, ambayo alikuwa haruhusiwi kunywa kwa sababu ya ukatekista.

Nakaale alimletea uji.

"Niliolewa na Mturkana," alisema.

"Najua."

"Ulipepesa?"

"Sikupepesa."

"Na ungepepesa?"

"Yule angekufa. Kama kaka yake."

Nakaale aliupuliza uji kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. "Basi kunywa," alisema.

Masika yalipofika, ugonjwa wa kuharisha uliingia kambini na kufanya kwa utulivu kazi ambayo bunduki zilikuwa zikiifanya kwa kelele. Wenye nguvu za kuchimba walikuwa wachache, na kwa hiyo lango lilifunguliwa kwa watu wa kanisa waje na majembe. Walimwambia Lochoro langoni kwamba mmoja wa wale wa leo ni Abdisalan.

Isacko alikuwa naye, jembe begani upande ulio mzima. Askari wa langoni walimjua: Ebei, Mturkana aliyeoa kwa Wameru. Alichimba. Alichimba vizuri kuliko wote, na kaburi likawa na kuta zilizonyooka. Maiti ilipowekwa mbele na watu wa kambi wakaanza kupanga safu, Isacko alipiga hatua moja kuelekea huko, na askari mmoja akageuza kichwa. Isacko akasimama. Akaegemea jembe, mikono ikining'inia kama ya mtu ambaye dini ile haimhusu.

Lochoro alivua kofia ya ukatekista, akaitia mfukoni, akaenda akasimama mwisho wa safu, kwenye nafasi ambayo ingekuwa ya Isacko. Imamu alimwona. Akaangalia pembeni, akaanza.

Swala ya jeneza haina kuinama wala kusujudu. Mtu husimama tu, mwanzo mpaka mwisho. Lochoro alisimama vizuri.